Mama Wembe na Vipande vya Pembeni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Mama Wembe anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya saratani ya ngozi. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ingawa nimekasirika na sifichi.

Aliajiriwa kuosha vioo. Baada ya miaka mitatu alikuwa akikata vinyama vya uvimbe vilivyogandishwa kwenye nta, vyembamba kuliko unywele, huku akitucheka sisi wenye digrii kwamba mikono yetu inafaa kukata mkate tu. Ukipiga chafya karibu na mashine yake, ole wako!

Siku hizo watafiti walitaka kipande cha katikati ya uvimbe, kinachopendeza kwenye hadubini. Cha pembeni kilitupwa. Mama Wembe alikataa katakata. Alituuliza kwa nini seli inayotaka kutoroka tunaitafuta sebuleni badala ya mlangoni. Akaandikiwa barua ya onyo kwa kupoteza nta. Nta, jamani! Hakujali. Akahifadhi stoo vitalu elfu nne vya nta vyenye vinyama vya pembeni, kila kimoja na namba yake.

Miaka kumi baadaye bosi wetu akavichunguza. Kumbe ni pembeni hasa ambako seli hupoteza protini inayozishikamanisha na jirani zake, kisha hutoa vimeng'enya vya kutoboa utando ulio chini yake na kuifikia damu. Makala ikachapishwa, tuzo zikaja. Yeye akatajwa kama "wasaidizi". Jina langu lilikuwemo, nami nikanyamaza. Naona aibu mpaka leo.

Sasa uongozi umebandika notisi: akiondoka tu, vitalu vichomwe, stoo iwe chumba cha mikutano. Hivi mna akili kweli? Tunajua seli zinavyoachiana; kinachoziamrisha ziachiane bado hatukijui. Jibu huenda limo mle, na wagonjwa wengi waliotupatia vinyama hivyo wameshafariki. Tutamwomba nani tena? Mama Wembe aliisoma notisi mara mbili, akaenda msalani, akarudi macho mekundu, akaendelea kukata.

Dada yetu, asante kwa ukaidi wako wote. Pumzika, lala mpaka saa nne asubuhi, uwe na afya na furaha tele na wajukuu.

Na ninyi wa uongozi: jana jioni nilibadilisha kufuli la stoo. Funguo ninazo mimi, na ofisi yangu mnaijua.