Kitabu cha Keziah Hakikuungua

Wasikilizaji wapendwa, Orrin Tuttle, jirani wa Keziah Burbank, alikufa akiapa kwamba alimwona kwa macho yake akichoma kitabu alichokiandika mwenyewe. Ilikuwa Machi, 1858, hapa Vermont, msimu wa kuchemsha utomvu wa miti kuwa sukari. "Mwanamke katubu," alitangaza. "Kakitia motoni, chini ya sufuria."

Karatasi ziliungua, kweli. Kitabu hakikuungua.

Keziah alitunga mashairi na hadithi za watoto. Alikuwa na mdogo wake, Lovina, wa miaka saba. Jumapili moja Lovina alitoroka shule ya kanisa akaenda kuteleza juu ya bwawa lililoganda. Barafu ikapasuka, akazama. Mazikoni mchungaji akasema mtoto kavuna alichopanda. Keziah, miaka kumi na miwili, alisikia.

Alipokua akaandika kitabu. Mtoto anatoroka Jumapili, barafu inapasuka, anashika tawi, anatoka. Anarudi nyumbani kalowa, anakula mkate wa moto. Basi.

Wazee wa kanisa, wakaguzi wa vitabu vya watoto, wakamfuata jikoni.

"Dada Keziah, mtoro hapewi mkate. Mzamishe."

"Mdogo wangu alizama mara mbili: bwawani, kisha midomoni mwenu. Huyu nimemtoa. Simrudishi."

"Haya. Kalamu ni yako, kabati la vitabu ni letu."

Wakachapisha mwisho wao, mtoto anakufa. Wakaubandika kwa gundi juu ya mwisho wake, nakala zote kumi na mbili za kabati la kanisa.

Keziah hakubishana. Aliviazima vitabu hivyo kimoja kimoja, kama msomaji yeyote. Mvuke wa utomvu ukalegeza gundi. Mwisho wa wazee ukaingia motoni. Hizo ndizo karatasi alizoziona Orrin.

"Vidole vilinata sukari na gundi," aliandika binti wa kaka yake. "Shangazi akacheka: 'Mwache Orrin aseme. Mtoto yuko hai.'"

Wazee walipogundua, Keziah alikuwa amekwisha bandua nakala kumi na moja. Wakamfukuza kanisani. Hakuomba radhi hadi alipofariki, 1891.

Familia ya Burbank, poleni. Miaka imepita, lakini marehemu akisingiziwa, matanga hayaanuliwi. Nasi tujiulize, wapendwa: ni mtoto gani tuliyemhukumu juu ya kaburi lake?

Nakala ya kumi na mbili ingali kabatini mwa kanisa. Humo mtoto bado yuko chini ya barafu. Prudence, kitukuu wa kaka yake Keziah, amewaandikia wazee wa kanisa wa leo barua tatu: "Tuazimeni siku moja tu. Birika tunalo."

Huu ni mwezi wa tisa anasubiri jibu.