Eunike Sumari na Mashine ya Sekei

Mliokuja kumsindikiza mama yetu, karibuni, na asanteni. Alituagiza tusimpambe, kwa hiyo tutasema yaliyokuwa.

Eunike Sumari, binti wa mzee Nanyaro, alizaliwa tarehe 4 Juni 1958 huko Akeri, Meru. Bibi yake alisema mtoto huyu analia kama anayedai haki yake. Basi hakuacha kuidai.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, kijijini hapo. Nafasi za sekondari zikaenda kwa wavulana, naye akaambiwa akae nyumbani asubiri mchumba. Thubutu! Aliteremka mjini.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha mzee mmoja wa Kihindi, kufagia na kukunja karatasi. Kupanga herufi za madini ya risasi ilikuwa kazi ya wanaume, kwa hiyo Eunike alipanga wao wakienda kula mchana. Mzee mwenye kiwanda alipomkuta na ukurasa mzima umeshapangwa, alisema, "Haya, ufagio mpeni mwingine."

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Elisante Sumari, seremala wa Sekei. Kadi za harusi alizichapa bibi harusi mwenyewe. Walijaliwa watoto watatu. Elisante alitangulia mwaka 2011, na mama alimlilia sana.

Mwaka 2014 kompyuta zilimfungisha kiwanda Jayesh, mtoto wa yule mzee aliyekirithi. Mashine ya kuchapia, ile ya kukanyaga kwa mguu, ilikuwa imelala uani, kutu tupu, ikisubiri watu wa vyuma chakavu. Eunike akamwendea. "Jayesh, hiyo nimeikanyaga ujana wangu wote. Haiendi kuyeyushwa."

"Dada Eunike, ukiweza kuibeba, chukua."

Ilifika Sekei vipande vipande, ikawekwa katika karakana ya marehemu mume wake. Hapo ndipo shemeji yake, Aristides, ambaye yupo hapa na anajua tutakalosema, aliitisha kikao cha ukoo. Alitaka chumba kipangishwe na mashine iuzwe. "Mjane na chuma chakavu, wapi na wapi?"

Eunike alichukua kigoda akakaa mlangoni. "Shemeji, anayekitaka chuma hiki aanze kunibeba mimi." Mnalijua umbo la mama. Hakuna aliyejaribu.

Aliisugua kwa msasa na mafuta ya taa hadi kucha zikaisha. Gia iliyovunjika ilichongwa upya na Kasaine, fundi wa Sakina, aliyeapa kwamba hajawahi kugombezwa na mteja kiasi kile. Ikabaki shida ya herufi. Seti ililetwa na Wazungu kwa lugha yao, na Kiswahili kinakula herufi a kama mchwa. Mama akachonga nyingine kwa mti wa mpera, tena mbichi, kwa haraka ya kadi za kipaimara za jirani. Zilipokauka zikapinda, kila a ikalala kama mlevi. Aristides alicheka hadi akakohoa. Eunike akachukua patasi za mumewe na mbao zake kavu, akachonga upya, nene kuliko zote. Baadaye hata watu wa Njiro, wenye kompyuta zao, walikuja na magari kutafuta kadi zenye a nene.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Ndugu wakasema mashine iuzwe, mgonjwa apumzike. Akawajibu kitandani, "Mkiuza, programu ya mazishi yangu mtachapa wapi?" Akamwita binti yake Aika na kumpa patasi. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Aika. Inauma, ndugu zetu. Inauma sana.

Pitisheni kidole kwenye karatasi mliyoshika. Hayo mabonde ni herufi zake. Aika alizipanga juzi, machozi yakimdondoka. Jana, alipochoka kukanyaga, aliingia mtu akavua koti, akakanyaga hadi nakala ya mwisho. Alikuwa Aristides. Alipomaliza alifuta jasho, akatuuliza, "Nani alisema hii iuzwe?"

Mama ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mkwe mmoja, shemeji mmoja anayeumwa magoti tangu jana, na mashine moja.

Lala kwa amani, Mama Aika. Haiuzwi.