Mashine ya Kumvulia Trauti

Kijiwe chetu cha Kabanga kipo kati ya cherehani yangu na jiko la Eustakia, hatua chache kutoka pale mabasi yanapogeuzia. Ni benchi moja la mkaratusi, na mguu wake mmoja ni tofali. Watu watatu hawakosekani hapo asubuhi. Wa kwanza ni Manirakiza, fundi baiskeli, tunayemwita Injinia kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna kitu kimemshinda. Wa pili ni Mhoja, tunayemwita Kapteni. Anasema alifanya kazi melini Mwanza, ingawa mkewe anasema alikuwa akipakia ndizi tu na meli ikiondoka yeye anabaki. Wa tatu ni Nduwayo, Katekista, aliyefundisha watoto kipaimara miaka ishirini, na ambaye ana methali kwa kila jambo, ila mara nyingi huwa ni ya jambo jingine. Mimi nashona na kusikiliza. Jumatatu moja ya Juni tukamwona Mwalimu Frednand, mstaafu wa Mabawe, anakuja na mfuko mzito begani, anatembea kama mtu anayepeleka kesi kwa mtendaji.

Eustakia: Shikamoo, Mwalimu.

Mwalimu: Marahaba. Nipe kahawa. Na nyinyi sogeeni, nina jambo la kitaalamu.

Akafungua mfuko, akapanga juu ya benchi mashine tatu za kuvulia samaki, zile zinazofungwa kwenye ufito, unazungusha mkono wake na mshipi unajikunja. Moja kubwa kama kichwa cha mbuzi, moja ya wastani, na moja ndogo inayoenea kiganjani.

Mwalimu: Niyokwizera wa mitumba kanipa nizitazame, nimrudishie mbili. Nataka nyepesi, isiyo ghali, ya kuvulia trauti.

Injinia: Trauti ndiyo nini?

Mwalimu: Samaki.

Kapteni: Namjua! Trauti ni samaki wa wazungu. Anaishi kwenye maji ya baridi kali. Ukimtoa tu, anapiga chafya.

Injinia: Rakini mto Ruvubu hayupo.

Mwalimu: Sijasema Ruvubu.

Akatoa simu, akaishika mbali na macho, akatusomea kwa sauti ile ya darasani:

“Shikamoo Baba. Nyuma ya nyumba ya wageni ninapopika, huku Makete, kuna kijito. Kina samaki wa baridi, wanaitwa trauti. Nakumbuka ulivyonifundisha kuvua kule Ruvubu. Njoo tuvue. Ukipata mashine, iwe nyepesi, samaki wenyewe ni wadogo. Nice.”

Cherehani yangu ikasimama yenyewe. Jina la Nice lilikuwa halijatajwa kwenye benchi lile kwa miaka sita. Huyo ni binti wa Mwalimu, wa pekee. Alikuwa mnovisi utawani, na Mabawe nzima ilikuwa inasubiri nadhiri zake. Mwalimu alikwisha nunua ng’ombe wa sherehe, alikwisha shonesha suti, na suti niliishona mimi. Ilipobaki miezi miwili, Nice akatoka utawani. Hakuwa na mimba wala mchumba. Alisema tu kwamba wito ule haukuwa wake. Mwalimu akaenda kumwomba ushauri Katekista, na Katekista akamwambia mlango wa nyumba iliyoaibishwa hufungwa. Mwalimu akamtumia binti neno kwamba asirudi. Binti akaenda kusini, huko kwenye baridi, akapata kazi jikoni.

Sasa, watu wenye akili wangezungumzia hilo. Sisi tulizishika mashine.

Kapteni: Chukua hii kubwa. Sikiliza mtu aliyekaa majini. Mwanza nilimwona jamaa ana kimashine chepesi kama hicho, sangara akamvuta kutoka Mwaloni mpaka Ukerewe. Alirudi baada ya wiki, ameoa huko.

Mwalimu: Nice anasema samaki ni wadogo.

Kapteni: Wadogo kwa macho. Samaki wa baridi ana mafuta, na mafuta ndiyo nguvu.

Katekista: Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Maana yake mkono usishike kitu chepesi.

Injinia: Tupime kwanza. Utaalamu ni namba.

Akaenda kuazima mizani ya maharage kwa jirani. Ile kubwa ilikaribia kilo. Ya wastani ilikuwa nusu kilo. Ile ndogo haikufika hata robo. Injinia akaitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aliyezaliwa njiti.

Injinia: Hii imejaa plastiki. Huko Makete si kuna barafu? Plastiki ikipata barafu inakuwa biskuti.

Eustakia: Umefika Makete wewe?

Injinia: Nimeona kwenye simu.

Kapteni: Halafu mshipi wake mwembamba. Ona huu, kama uzi wa buibui.

Mimi: Uzi mwembamba hauonekani, Kapteni. Hata kwenye suti tunaficha.

Kapteni: Wewe shona. Samaki anataka auone mshipi ili ajue kuna shughuli.

Katekista: Samaki mkunje angali mbichi. Basi kama mashine haiwezi kumkunja samaki akiwa mbichi, hiyo ni mashine ya nini?

Mwalimu alikuwa anaandika. Alikuwa na daftari la shule, amechora mistari, juu ameandika “Faida” na “Hasara”. Chini ya hasara za mashine ndogo aliandika “biskuti”.

Injinia akaishika ya wastani, akaizungusha, ikalia kama paka aliyekanyagwa. Akasema hilo si tatizo. Kwanza angetia grisi ya baiskeli. Pili, angetoa meno ya ndani na kuweka ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya Foniksi. Tatu, na hapo macho yake yakaanza kung’aa, kwa nini mtu azungushe kwa mkono? Angeifunga mashine kwenye baiskeli, baiskeli ikasimamishwa kwa stendi kando ya kijito, na Mwalimu akaketi akapiga pedali. Trauti akimeza ndoana, unapanda kama unapanda mlima wa K9.

Mwalimu: Na baiskeli naifikishaje Makete?

Injinia: Hilo ni swali la usafirishaji. Mimi ni ufundi.

Katekista: Mimi nina wasiwasi na samaki mwenyewe. Petro alivua kwa wavu. Mahali gani kwenye Maandiko mtume alizungusha kimashine? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kapteni: Samaki hana guu, Katekista.

Katekista: Ndiyo uone alivyokosa kusikia!

Tukacheka wote, na Mwalimu akacheka, akageuza ukurasa. Nilimtazama, nikaona hana haraka kabisa. Alikuwa anaomba hoja nyingine kama mtu anayeomba kuni moto usizime. Kapteni akamwambia kwamba rangi ya mashine ni muhimu kwa kuwa trauti huchukia bluu, akaandika. Injinia akasema inatakiwa ijaribiwe kwanza hapa miezi mitatu, kwenye pipa la maji, akaandika na hilo pia, akalipigia mstari chini.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja tusiyemjua, anasubiri gari la Biharamulo. Alikuwa na kuku wawili kwenye kapu, na alikuwa amekunywa vikombe viwili bila kusema neno. Eustakia alishamuuliza jina, akasema anaitwa Odeta. Sasa akakohoa kidogo.

Odeta: Shikamooni, wazee wangu.

Wote: Marahaba.

Odeta: Samahani kuingilia. Huyo binti aliyeandika ujumbe. Amejibiwa nini?

Injinia akamtazama Kapteni. Kapteni akamtazama Katekista. Katekista akafungua mdomo, nikasubiri methali, haikutoka. Sote tukamgeukia Mwalimu.

Odeta: Ujumbe wenyewe ni wa lini, Mwalimu?

Mwalimu: Wa Pasaka.

Odeta: Hii Juni.

Mwalimu: Nilikuwa natafuta mashine kwanza. Mtu hawezi kujibu ovyo ovyo. Ningesema nakuja, halafu niende na mashine mbaya?

Gari la Odeta lilikuwa limeanza kupiga honi. Akachukua kapu, akatuaga, akaondoka na kuku wake, na kutuacha na lile swali pale benchini.

Mwalimu alifunga daftari. Akalifungua. Akalifunga tena.

Mwalimu: Eustakia, nipigie. Mimi namba zinanichezea machoni.

Eustakia akafuta mikono, akapiga, akamshikia simu karibu na sikio. Lakini Mwalimu husikia kwa shida, kwa hiyo akaiweka sauti ya nje, na Kabanga nzima tukaalikwa.

— Haloo?

— Nice.

Tulisikia sufuria ikiwekwa chini huko Makete.

— Shikamoo, Baba.

— Marahaba.

Mwalimu akazitazama mashine zake pale benchini. Mtu aliyewafundisha watu wa tarafa nzima kuandika insha, hakuwa na sentensi.

— Nina mashine tatu, akasema. Moja karibu kilo. Moja nusu. Moja haifiki robo.

— Chukua hiyo isiyofika robo, Baba.

— Kuna hoja kwamba itavunjika kwa baridi.

— Haivunjiki. Ufito wangu ni mwepesi. Ukifunga chuma kizito, mkono utachoka kabla chai haijapoa. Ila jaribu breki. Vuta mshipi kidogo kidogo. Unatoka taratibu, au unashtuka?

Mwalimu akavuta. Injinia aliinama kutazama, Kapteni naye, vichwa vikagongana. Ule uzi wa buibui ulitoka laini, bila kukwama.

— Unatoka taratibu.

— Basi ndiyo hiyo hiyo, wala huhitaji ya ghali. Mama alitumia ndogo kama hiyo akavua watatu.

— Mama nani?

Hapo nikaona Eustakia anageukia jiko, anapuliza moto usiohitaji kupulizwa.

— Mama... Mama tu. Desemba.

— Desemba mama yako alikuwa Nyamigogo. Alikuwa anamuuguza dada yake mguu.

— Baba, mtandao huku unasumbua, akasema Nice, na simu ikakatika.

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Tuliinamisha macho. Kila mmoja alikuwa anasubiri radi. Miaka sita iliyopita, mtu huyu alimuuza ng’ombe wa sherehe kwa hasira, na suti yangu akaivisha sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Akageuka polepole.

Mwalimu: Eustakia. Wewe ulijua?

Eustakia: Nilimtunzia mkeo Felisita ufunguo wa ghala alipokwenda.

Mwalimu: Mara ngapi?

Eustakia: Mara mbili, Mwalimu. Mara ya kwanza alirudi na sweta, akasema kalinunua mnadani.

Mwalimu: Sweta la kijani?

Eustakia: Alilifuma Nice.

Akakaa. Akaichukua mashine ndogo, akaizungusha mara kadhaa bila kuitazama. Lile sweta la kijani tulilijua sote. Baridi ya Julai iliyopita ilimkuta amelivaa mwenyewe, kila asubuhi, hapo hapo benchini.

Mwalimu: Watatu! Felisita hajawahi kuvua hata dagaa.

Kisha akasema kwa sauti ndogo:

Mwalimu: Kumbe nimenuna peke yangu.

Katekista ndiye aliyeteseka zaidi. Alikuwa ameinama, anazungusha kikombe kitupu kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilimsikia anasema, “Ule ushauri wangu, Mwalimu...” Mwalimu akamgusa goti, akasema, “Ulishauri. Niliyefunga mlango ni mimi,” akachukua mfuko wake na kwenda zake nyumbani.

Waliondoka siku ya Alhamisi, yeye na Felisita, kwa basi la alfajiri. Wanasema usiku ule wa Jumatatu majirani wa Mabawe walisikia Mwalimu akipaza sauti mara moja tu, na Felisita akamjibu mara moja tu, kisha wakasikia watu wawili wanapanga nguo. Injinia alimpelekea kopo la grisi. Kapteni alimpelekea onyo la mwisho kuhusu rangi ya bluu. Daftari lilibaki kwetu, na Eustakia anafungia karanga kwa kurasa zake.

Siku tisa baadaye Felisita alimtumia Eustakia picha. Tukajazana kwenye kioo cha simu. Mwalimu yupo juu ya jiwe kando ya kijito, amevaa sweta la kijani na juu yake koti la mtu mwingine, ufito mkononi, uso umekunjwa kama anasahihisha mtihani. Nyuma yake kuna mwanamke mwenye aproni, ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yamepanda kwa kicheko.

Kapteni: Mnaona? Mnaona anavyoishika? Hiyo ni shule yangu.

Eustakia akasogeza picha, akatusomea maneno aliyoandika Nice chini yake: “Mashine inatakiwa ining’inie chini ya ufito. Baba ameigeuza juu tangu asubuhi, na hataki kuambiwa. Amepata mmoja hata hivyo.”

Injinia: Rakini kapata.

Katekista: Soma tena.

Eustakia akasoma tena, neno kwa neno. Katekista akaisogeza simu karibu, akamtazama sana yule mwanamke mwenye aproni.

Katekista: Mwambie Nice namsalimu.

Eustakia akafuta kioo kwa kanga, akampa simu.

Eustakia: Mwandikie mwenyewe.

Katekista akaipokea kwa mikono miwili. Akaandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Kahawa ilikwisha, Eustakia akazima jiko, Kapteni na Injinia wakaondoka kila mmoja na njia yake, na mimi nikarudi kwenye cherehani. Yeye alikuwa bado anaandika.