Mzee Hamis na DVD Mia Tatu Zilizokwenda Kombo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Hamis Feisal anastaafu baada ya kutumikia Kituo cha Elimu kwa Sauti, Mpanda, kwa miaka ishirini na minne. Anaondoka siku moja na chumba chake. Kitengo cha kudurufu DVD kinafungwa, kwa kuwa masomo yetu sasa yanakwenda kwa simu.

Alianza mwaka 2001 akidurufu kanda za kaseti, kisha CD, kisha DVD. Kila kazi aliipangia karatasi kubwa ukutani: siku ya kukagua nakala mama, siku ya kudurufu, siku ya lebo, siku ya makava, siku ya kufunga maboksi. Hakuruhusu mtu aguse diski bila kunawa. Mkurugenzi mmoja aliyetoka kula samaki alirudishwa mlangoni, akaenda bombani kama sisi wengine.

Kazi tunayomkumbuka nayo zaidi ni ya mwaka 2012: DVD za somo la dalili za hatari kwa wajawazito, 1,500 za Kisukuma na 900 za Kifipa. Sheria yake ilikuwa kutoa diski moja katika kila boksi na kuitazama hadi mwisho. Siku ya kupeleka mzigo umeme ulikatika tangu asubuhi, ukarudi saa tisa alasiri, na gari lilikuwa linasubiri nje. Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyebandika lebo za Kisukuma kwenye diski mia tatu za Kifipa. Mzee Hamis akasaini maboksi yaende bila kutazamwa.

Wiki mbili baadaye alifika Minza, mama wa Kisukuma kutoka Usevya, mjamzito, DVD mkononi.

"Nimewaita majirani, tumewasha deki kwa sola," alisema. "Tumekaa mpaka mwisho. Hatujaelewa hata neno moja."

Mzee Hamis alimwomba radhi, akampa diski sahihi, kisha akajifungia chumbani muda mrefu. Kwenye taarifa kwa mkurugenzi aliandika kwamba kosa ni lake. Jina langu hakulitaja, wala hajalitaja hadi leo.

Aliomba pikipiki, akaanza kubadilisha diski zile nyumba kwa nyumba, kuanzia Usevya hadi vijiji vya Kasekese. Akiwa huko, mahali pasipo na mtandao, mkewe, Bi Rabia, aliyebaki Mpanda, alizidiwa na presha ghafla, akafariki. Tulipiga simu siku mbili bila kumpata. Alipofika Mpanda alikuta keshazikwa.

Baada ya hitima nilimwomba nikamalizie mimi zile tisini zilizobaki. Alinijibu taratibu, "Wewe baki na mashine. Mimi ndiye ninayejua nilipoishia." Kesho yake akaondoka.

Diski kumi na moja hazikupatikana, na hatujui zilibaki kwa nani. Minza aliona uso wake umevimba, akakumbuka somo, akawahi hospitali na kujifungua salama. Tulipompa Mzee Hamis habari hiyo aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga maboksi.

Hakuoa tena. Alisimamia kazi nyingine kumi na tisa, na hakuna boksi lililotoka bila kutazamwa, hata madereva wapige honi namna gani. Miaka ya karibuni kazi zilipungua. Ya mwisho ilikuwa ya kwaya moja ya Katumba, diski arobaini tu, na nusu yake bado imo kabatini kwetu. Wanakwaya wanasema watu hawana tena deki.

Mzee Hamis, umetufundisha kazi, na mimi ulinibebea lawama, wala sikuwahi kukushukuru kwa hilo mbele za watu. Nakushukuru leo. Tumefurahi kusikia kwamba binti yako Kauthar amehamia kwako Makanyagio na wanawe. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba isiyokosa mtu wa kuzungumza naye.

Ezekia Manyanda
Kitengo cha Kudurufu na Kufungasha