Scholastika, Aliyewatoa Watoto Shimoni

Alhamisi, tarehe kumi na moja Mei, mwaka elfu mbili na ishirini na tatu. Saa mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na mteremko wa kutoka Mbulumbulu ulikuwa tope tupu. Pikipiki iliteleza. Dereva alivunjika mguu. Abiria aliangukia mawe ya kalavati, akafa hapohapo.

Wasikilizaji wapendwa, abiria huyo ni Scholastika. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, na alikuwa anakwenda zahanati kufuata barua ya rufaa ya mtoto wa mtu mwingine. Alikuwa anaifuata kwa mara ya nne. Narudia kwa aliyechelewa kufungulia redio: mara ya nne.

Alikuwa pia mke wangu. Kipindi hiki mmenizoea nikisoma kumbukumbu za ndugu zenu. Leo ni zamu ya nyumba yangu. Meneja kaniomba nisitaje jina la zahanati wala la mganga mfawidhi wake. Sitaji. Mwenyewe anajijua, na redio anayo.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kabla ya kuja hapa nilikuwa dalali mnadani, Karatu, naita bei za ng'ombe mpaka koo linakauka, na ni sauti hiyo iliyonipa kiti hiki. Kwa hiyo msitegemee maneno ya kisomi. Nitawaambia nilichokiona.

Scholastika alizaliwa Rhotia. Tulioana mwaka tisini na tisa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Raphael. Miezi mitatu ikapita, Raphael hajakaza shingo. Miezi sita, bado. Mama yake alikuwa anamkinga kichwa kwa kiganja kama mtu aliyebeba yai. Kila mwezi tulimpeleka kliniki, wakamning'iniza kwenye mzani, wakaandika kwenye kadi: maendeleo mazuri. Kadi ile ninayo mpaka leo. Imeandikwa maendeleo mazuri mwezi uleule tuliomzika.

Ndiyo maana kijiji kilipotafuta mtu wa kujitolea kuzungukia watoto, Scholastika alinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kusema. Hakupewa mshahara. Alipewa daftari. Futi ya fundi cherehani alinunua mwenyewe. Akachukua kopo, akatia maharage kiganja kimoja, akalifunga. Alilitikisa nyuma ya sikio la mtoto aone kama atageuka.

Miaka kumi na moja alizunguka kwa miguu. Aliwajua watoto wa bonde zima kwa tarehe zao. Huyu kamfuata mama yake kwa macho, huyu kaanza kucheka, huyu kajigeuza tumbo kwa mgongo juzi, yule ana mwaka na nusu na hajatamka hata mama. Binti yetu Christina anasema: "Mama alikuwa akikutana na mtu njiani, salamu ya kwanza ni kwa aliyeko mgongoni. Mwenye mgongo anasubiri."

Sasa sikilizeni kuhusu shimo, maana hapo ndipo penyewe.

Huku kwetu, mama akienda kupalilia, humchimbia mtoto shimo dogo pembeni mwa shamba. Kina chake kiganja na nusu. Analitandika gunia na kanga kuukuu, anamkalisha mtoto ndani mpaka kiunoni. Mtoto anakaa wima kama mwenyekiti wa kikao, anaangalia maharage, mama anafanya kazi. Mimi mwenyewe nimekaa shimoni. Bibi zetu waliona linamwahisha mtoto kukaa. Siligombezi.

Lakini kule kliniki ya zahanati, wakati huo, mganga mfawidhi alikuwa na mtindo wake. Mtoto yuko mgongoni, kafunikwa. Yeye haangalii. Anamuuliza mama: anakaa? Mama anajibu: anakaa. Anaweka alama ya vema. Anayefuata.

Na mama hakusema uongo. Mtoto anakaa. Anakaa shimoni. Udongo umemshika huku na huku, ungemweka hata mwanasesere angekaa. Hakuna aliyemuuliza mama yule, anakaa wapi?

Scholastika aliligundua hilo kwa macho yake. Tangu siku hiyo, akifika shambani, kitu cha kwanza alimtoa mtoto shimoni. Anatandika gunia pasipo na shimo, anamkalisha, anaachia mikono, anahesabu mpaka kumi. Mama wengine walimcheka. Walimwita polisi wa mashimo. Mimi nami siku moja nilimwambia, Mama Raphael, unawatesa watu, si uwaulize tu wenye watoto wao? Akanitazama. "Baba Raphael, wewe ulikuwa dalali. Mnadani mlikuwa mnanunua ng'ombe kwa kumuuliza mwenye ng'ombe kama ni mzima?"

 

Sasa Sifa. Sifa ni binti wa Angelina, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Aprili ile ya mwaka ishirini na tatu, Sifa alikuwa na miezi minane. Kwenye kadi yake, vema zote zimejaa. Scholastika akamtoa shimoni, akamkalisha kwenye gunia. Hakufika hata mbili. Alianguka kwa kichwa, kama mzigo uliofungwa vibaya. Akamkalisha tena, akaanguka tena. Akampapasa utosi, akakuta umetuna. Akazungusha futi kichwani, akafungua daftari: kichwa kimeongezeka sentimita tatu kwa mwezi mmoja. Na macho ya mtoto yalikuwa yanashuka chini, kama anatafuta kitu mapajani kwake.

Angelina ameniruhusu niseme maneno yake. Anasema: "Niliulizwa anakaa, nikasema anakaa. Sikudanganya, kaka Piusi. Mimi nilikuwa namwona anakaa kila siku."

Najua dada yangu. Hakuna anayekulaumu wewe. Walaumiwe waliosomea kazi hiyo.

Ni ugonjwa wa kichwa maji. Maji yanajaa kichwani, yanabana ubongo. Dawa yake ni upasuaji, na upasuaji wake ni wa haraka. Kila wiki inayopita inaondoka na kitu cha mtoto. Ili Sifa apokelewe hospitali kubwa, tuliambiwa lazima iwepo barua ya rufaa ya zahanati. Barua moja. Sahihi moja. Muhuri mmoja.

Alhamisi tarehe ishirini Aprili, Scholastika na Angelina walikwenda na mtoto. Mganga mfawidhi akasoma kadi, mtoto hakumgusa. Akasema hapa pameandikwa anakaa, sasa mnataka nini. Scholastika akamwomba amtandikie kanga mezani amwonyeshe. Akamjibu mbele ya kina mama wote waliokuwa kwenye benchi: "Wewe mama, futi yako kapimie magauni. Daktari hapa ni mimi." Kisha akasema ataiandika, warudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata wakarudi. Wakaambiwa yuko semina.

Wiki iliyofuata tena wakarudi. Wakaambiwa muhuri umo kabatini na ufunguo wa kabati kaondoka nao.

Jioni ile Scholastika hakula. Nilimwambia achana nao, hao ni wakubwa. Akasema Sifa ameacha kugeukia kopo. Basi. Asubuhi ya Alhamisi ya nne mtoto alikuwa na homa, mvua kubwa, akamwambia Angelina abaki naye nyumbani, yeye ataleta barua. Mimi nikamtafutia pikipiki. Nilimtafutia mwenyewe.

Ajali ilipotokea, watu walimbeba mpaka zahanati ileile. Nilipofika, mganga mfawidhi alikuwepo. Akaandika karatasi ya kifo. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati, akagonga muhuri. Wasikilizaji wapendwa, wiki tatu za kumtafutia mtoto uzima, muhuri haupatikani. Siku ya kuandika kwamba mke wangu amekufa, ulipatikana ndani ya dakika kumi. Niliusikia ukigonga meza.

Tulimzika Jumamosi. Walikuja watu mpaka kutoka Engaresero, akina mama wa kifugaji aliowahi kukaa nao wiki mbili akiwaonyesha kupima watoto. Mmoja wao, Nashipai, alikuja na mwanawe anayekimbia, akamsimamisha mbele ya kaburi. Akasema kwa Kiswahili chake cha shida: "Huyu mama alisema mtoto hatatembea. Akanituma nimpeleke hospitali. Sasa ananisumbua." Watu wakacheka wakilia.

Jumatatu, tarehe kumi na tano Mei, barua ya Sifa ililetwa. Ililetwa na mlinzi wa zahanati, kwa baiskeli. Jumatano Sifa akapasuliwa. Daktari wa huko hospitali kubwa, Mungu ampe maisha marefu, aliwatoa nje watu wengine akamwambia Angelina ukweli: angeletwa Aprili, macho yangepona.

Sifa yupo hai. Anaelekea miaka minne. Anakaa bila shimo. Anaongea, tena anaongea sana, ananiita babu. Hatembei, na haoni.

Nimeandika malalamiko kijijini. Nimeandika kata. Nimeandika wilayani, nikamlipa mtu aninyooshee herufi. Nilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hii: mganga mfawidhi kahamishiwa kituo kikubwa zaidi. Daftari la Scholastika walilichukua, wakasema ni mali ya serikali. Na hakuna mtu mwingine aliyewekwa kuzungukia watoto wetu. Miaka mitatu sasa.

Nampa pole mama mkwe wangu pale Rhotia, aliyemzika binti badala ya binti kumzika yeye. Nampa pole Christina, mwanangu. Nampa pole Angelina, na Sifa mwenyewe, maana naye amefiwa na mtu aliyempigania. Nampa pole dereva wetu, anayetembelea fimbo na kuomba msamaha kila akiniona. Kosa si lako, ndugu yangu.

Na wewe mama unayenisikiliza ukiwa shambani: chimba shimo, sikukatazi. Lakini leo mtoe mwanao, mkalishe pakavu, hesabu mpaka kumi. Asipofika, usingoje uulizwe.

Nanyi mlioko ofisini, msinitumie salamu za rambirambi. Nataka jibu moja. Ile barua ya Sifa, iliyotufikia tarehe kumi na tano Mei, juu yake ina tarehe. Nimeisoma mimi mwenyewe, wa darasa la nne. Imeandikwa imesainiwa na kugongwa muhuri tarehe ishirini na moja Aprili, siku moja tu baada ya Scholastika kuiomba.

Kama tarehe hiyo ni ya uongo, nani aliiandika? Na kama ni ya kweli, siku zote zile mke wangu anapanda na kushuka, barua ilikuwa tayari humo kabatini inamngoja nani?