Hoki Imehamia Houston

Basi la Houston lilipotoka Dallas, Mzee Aiman alifumba macho, maana watu hawamfichi neno anayesinzia. Kwenye kiti cha mbele yake, Lubna wa Mombasa alikuwa akimweleza jirani yake kwamba anakwenda kumrudisha mwanawe, Zaki, aliyehama na timu yake ya vijana ya hoki ya barafuni.

"Ilianzia Fort Worth, ikaja DeSoto, ikabadili jina, sasa Houston. Timu haina kwao, kama paka wa sokoni!"

"Ndivyo ilivyodumu, dada," alisema jirani huyo, Vicent, Mtanzania, shabiki wa timu hiyo wa siku nyingi. "Kila ilikohamia, familia za huko ziliwalea vijana. Kwani wewe hukuhama?"

"Nilihama na mamangu."

Vicent aligeukia dirisha. Walipofika Houston, basi likasimama. Nje, Zaki alikuwa akicheka na mama wa Kizungu anayemlea. Abiria walishuka, Lubna alibaki kitini akiwatazama, akijifunga mtandio upya.