Dakika Thelathini na Nane za Mashine ya Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya wiki iliyopita, mashine ya tatu katika chumba cha kufulia cha hospitali ilisimama. Hakuna aliyeifungua. Mfuaji wake alikuwa ameketi mbele yake, amekufa. Kwenye kioo cha mlango wa mashine palikuwa na ukurasa wa kitabu, umebandikwa kwa plasta.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mfuaji huyo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Daktari anasema ni moyo.

Mashine ile hufua kwa dakika thelathini na nane. Tulikwenda kuipima wenyewe: thelathini na nane. Muda wote huo mfuaji hana la kufanya ila kungoja. Wenzake walipiga soga. Yeye, kwa miaka sita, alikuwa akibandika ukurasa mmoja mmoja kwenye kioo, akiusoma mpaka mashine isimame. Kitabu kilihusu kutakasa vifaa vya upasuaji. Alitaka kuhamia kazi hiyo. Mtihani upo kila mwaka, na fomu yake inahitaji sahihi ya msimamizi.

"Nyumbani asingeweza," anasema binti yake. "Tuko saba, vyumba viwili. Mama akifungua daftari tu, huyu anataka chai, yule haoni soksi. Na mimi nilikuwa mmojawao, sitadanganya."

Kazini hakupendwa kwa hilo. Mwenzake wa zamu alimwita Profesa.

"Profesa, kesho utanipasua?"

"Nitaanza na ulimi, dada. Ndio uliovimba."

Hawakupatana. Tusiseme walipatana.

Msimamizi alizibandua kurasa zile. Kesho yake ukurasa uliofuata ulikuwa pale pale. Fomu ya mtihani marehemu alimpelekea mara nne, miaka minne. Mara nne msimamizi alikataa kusaini. Jumamosi alikuja studio, nikamuuliza sababu.

"Kusoma kazini ni wizi wa muda."

"Mashine inapozunguka, alitakiwa kufanya nini?"

"Kuiangalia."

"Ukurasa ulikuwa kwenye kioo chake. Kuna shuka iliyowahi kuchelewa?"

"Hapana. Lakini akihama, shuka anafua nani? Wewe?"

Siku moja kabla, makaburini, mtu huyo huyo aliwaambia waombolezaji kwamba alimtia moyo marehemu asome. Binti alimkatiza: "Mzee, nyamaza. Fomu zote nne ninazo."

Tunatoa pole kwa binti, kwa mume wa marehemu na kwa wote wa nyumba ile. Nawe unayesikiliza, leo pia utangoja kitu: maji yachemke, foleni isogee. Jiulize muda huo unaufanyia nini. Na kama kuna mtu anayengoja kalamu yako, jiulize unaizuia kwa faida ya nani.

Jana, saa mbili asubuhi, yule mwenzake wa zamu aliweka fomu ya mtihani mbele ya msimamizi. Ilikuwa na jina lake mwenyewe, si la marehemu.

"Yule nilimcheka miaka sita," alimwambia. "Sasa wewe nicheke mimi, uone."

Mwisho wa kupokea fomu ni kesho saa tisa alasiri. Dakika tano kabla ya kuingia hewani tulipiga simu ofisini kwa msimamizi. Fomu iko mezani. Haijasainiwa.